Viwanja Vilivyotangulia Watu

Anayetaka kujua historia ya nyumba jijini Dar es Salaam aanze na chumba. Aache kwanza ghorofa za Posta na majumba ya Masaki, atazame chumba cha kupanga: mlango unaofungukia ukumbini, dirisha moja la nondo, kitanda, kabati, ndoo za maji, na choo cha pamoja uani. Humo ndimo walimofikia makuli wa bandari, makarani, mafundi cherehani, mama lishe, makondakta na wanafunzi wa chuo. Kizazi baada ya kizazi cha wahamiaji kimepokewa hivyo, na aliyewafungulia mlango mara nyingi alikuwa mwenye nyumba wa kawaida anayelala chumba cha pili, asiyewahi kukopeshwa na benki.

Nyumba ya Kiswahili ina mpango unaojulikana pwani nzima. Mbele kuna baraza, katikati ukumbi unaonyooka hadi uani, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, na nyuma ua wenye jiko, bafu na choo. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki hupangisha. Mjane, fundi seremala au mvuvi aliyepata kiwanja aliweza kuanza na vyumba viwili, akahamia, kisha akaongeza kimoja kimoja kadiri fedha ilivyopatikana. Kodi ya chumba cha kwanza ilinunua mabati ya chumba cha tatu. Kwa njia hiyo maskini alimjengea maskini mwenzake, na mji ukapata vyumba bila hazina kutoa senti.

Kilichohitajika kutoka kwa watawala kilikuwa kitu kimoja ambacho mjane na mvuvi hawakuweza kujifanyia: ardhi iliyopimwa, yenye mitaa, mifereji na nafasi ya bomba la maji, kabla watu hawajafika. Serikali zilizotawala mji huu zimefanya hivyo mara chache. Zilipofanya, matokeo yanaonekana hadi leo. Zilipochelewa, gharama ilimwangukia mpangaji.

Mji wenyewe ulianzishwa na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima. Majid alifariki mwaka 1870 na mipango yake ikadorora. Wajerumani walihamishia hapo makao makuu yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na mwaka huohuo wakatoa kanuni za ujenzi zilizougawa mji katika maeneo. Sehemu ya ufukweni ilitengewa majengo ya mtindo wa Ulaya, na nyumba za miti, udongo na makuti zikasukumwa nyuma. Kwa maandishi kanuni zilihusu aina ya majengo. Kwa vitendo ziligawa watu kwa rangi, na Waingereza waliofuata wakaukaza mgawanyo huo: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, kila mmoja na mahali pake.

Muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Wajerumani ilinunua shamba kubwa magharibi ya mji kwa nia ya kuwahamishia Waafrika huko. Mitaa ilichorwa iliyonyooka, ikikatana kwa pembe mraba, na viwanja vikapangwa kwa safu. Vita vikaingia kati. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, na uwanja huo ukawa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, ambao ndio chanzo cha jina la Kariakoo. Amani iliporudi, upimaji uliendelea, watu wakapewa viwanja, nyumba zikaota. Baina ya Kariakoo na Uhindini uliachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, ili watu wa rangi mbalimbali wasikae karibu.

Nia ilikuwa ya kibaguzi na hakuna la kuisifu. Lakini atembeaye Kariakoo leo, kutoka Msimbazi hadi Lumumba, anakanyaga mitaa ileile. Nyumba za vyumba sita zimeng'olewa, zimesimama ghorofa za maduka na makazi, na barabara hazikuhitaji kubomolewa ili magari ya zimamoto yapite. Mji ulibadilisha majengo mara kadhaa juu ya ramani moja. Ilala nayo, iliyopimwa baadaye, ilipata bahati hiyo.

Ubahili wa utawala wa kikoloni ulikuwa kwenye fedha. Haki ya Mwafrika juu ya kiwanja cha mjini ilikuwa ya muda mfupi, na sheria ilimzuia mfanyabiashara kumkopesha Mwafrika bila kibali. Mtu wa Kariakoo alijenga kwa taslimu au hakujenga kabisa. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, sensa ya mwaka 1948 ilihesabu watu wapatao 69,000. Ya mwaka 1957 ilihesabu zaidi ya 128,000. Vyumba havikuongezeka kwa kasi hiyo, kodi ikapanda, na kupanda kwa gharama za maisha kulikuwa miongoni mwa yaliyowasukuma makuli wa bandari kugoma mwaka 1947.

Hapo serikali ikaanza kujenga. Kota zikasimama Ilala, Temeke na Magomeni, nyumba za safu za kupangishwa wafanyakazi. Viwanja vikapimwa Magomeni na Kinondoni. Julius Nyerere, baada ya kuacha ualimu Pugu mwaka 1955 ili kukitumikia chama cha TANU, aliishi Magomeni, na nyumba hiyo sasa ni makumbusho. Mikutano mingi ya harakati za uhuru ilifanyika barazani na kumbini mwa nyumba za namna hiyo, kwa wenyeji waliokuwa na kiwanja halali na wapangaji waliokuwa na hamu ya mabadiliko.

Serikali huru haikungoja. Mwaka 1962 lilianzishwa Shirika la Nyumba la Taifa, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuondoa nyumba za mbavu za mbwa. Viongozi waliona aibu raia wa taifa huru kulala chini ya paa la madebe yaliyofunguliwa na kunyooshwa. Basi nyumba mbovu zikabomolewa Magomeni, Kinondoni, Ilala, Keko na kwingineko, na mahali pake zikajengwa za tofali na bati, mwenyewe akizilipia kidogo kidogo kila mwezi.

Nyumba zilikuwa nzuri, na baadhi bado zimesimama. Tatizo lilikuwa hesabu. Palipobomolewa moja ilijengwa moja, hivyo fedha nyingi zilitumika na idadi ya vyumba haikuongezeka sana, ilhali sensa ya mwaka 1967 ilikuta watu zaidi ya 272,000, zaidi ya mara mbili ya idadi ya miaka kumi nyuma. Wengi hawakuimudu hata ile ada ya mwezi. Kufikia mwisho wa muongo mpango wa kubomoa ulikuwa umeishiwa nguvu. Wakati huohuo Manzese, iliyokuwa mashamba kando ya barabara ya Morogoro, ilikuwa inajaa nyumba ambazo hakuna ofisa aliyezichorea ramani.

Azimio la Arusha la Februari 1967 liligusa nyumba moja kwa moja. Miongoni mwa masharti ya uongozi lilikuwepo hili: kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Nyumba ya kupangisha ilihesabiwa kuwa unyonyaji, sawa na hisa katika kampuni. Aprili 1971 hatua kubwa zaidi ikafuata. Sheria ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na kuendelea, ikayakabidhi kwa Msajili wa Majumba. Wengi wa walionyang'anywa walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia, na jengo lililozidi umri wa miaka kumi halikulipiwa fidia. Familia nyingi zilifungasha na kwenda Uingereza na Canada.

Hasira iliyozaa sheria hiyo inaeleweka. Katikati ya mji, majengo mengi ya kupangisha yalikuwa mikononi mwa jamii moja iliyopendelewa na mipaka ya kikoloni. Hata hivyo kosa lake lilikuwa zito. Kwa miaka mingi baadaye mwenye mtaji aliogopa kujenga nyumba ya kupangisha. Wapangaji wa Msajili walikaa kwa kodi ndogo, ngazi zikabomoka, mabomba yakavuja, na ghorofa mpya hazikujengwa. Mzigo wa kuupa mji vyumba ukarudi kwa mwenye nyumba mdogo wa Uswahilini, ambaye sheria ile haikumgusa. Mwaka 1990 ofisi ya Msajili iliunganishwa na Shirika la Nyumba.

Katika miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1970, serikali ilifanya jambo la busara kuliko yote iliyowahi kufanya juu ya nyumba za Dar es Salaam. Mwaka 1972 iliamua kuacha kubomoa. Makazi yaliyojengwa bila mpango yangeboreshwa palepale yalipo, na ardhi mpya ingepimwa, ikatiwa barabara, mifereji na maji, kisha wananchi wakajijengea wenyewe. Benki ya Dunia ilikopesha fedha, na kazi ikaanza katikati ya muongo. Manzese na Mtoni zilipata barabara, taa na mabomba. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa zikiwa bado na mashamba na vichaka. Awamu iliyofuata ilifika Tabata na Mbagala.

Viwanja vilikuwa vidogo, vingi havikuzidi mita za mraba 300. Udogo huo ulikuwa na maana kubwa. Kiwanja kidogo ni bei ndogo, bomba fupi, barabara inayotumiwa na nyumba nyingi. Karani na fundi wa kiwandani waliweza kukilipia. Benki ya Nyumba, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, ilitoa mikopo ya kujengea, na saruji ilikuwa inatoka kiwanda cha Wazo Hill kilichoanza kazi mwaka 1966.

Matokeo yamechunguzwa kwa makini. Kundi la watafiti wa uchumi, akiwemo Guy Michaels wa London School of Economics, lilichapisha mwaka 2021 utafiti uliolinganisha maeneo hayo miongo kadhaa baada ya mradi. Palipopimwa kabla ya watu kufika, nyumba za leo ni kubwa zaidi na imara zaidi, zina maji na umeme kwa wingi zaidi, na ardhi yake ina thamani ya juu, kuliko pale palipoboreshwa watu wakiwa wameshajaa. Anayekaa Dar es Salaam hahitaji takwimu kuliona hilo. Sinza gari la taka linafika mlangoni. Manzese, nyuma ya barabara kuu, jeneza hubebwa kwa kupinda kona za vichochoro.

Uboreshaji wa Manzese haukuwa kazi bure, maana watu walipata maji na hawakufukuzwa. Lakini kuipanga upya ardhi iliyokwisha kujengwa ni ghali mno. Kila futi ya barabara ni ukuta wa mtu.

Kisha mradi ukasimama. Uchumi ulianguka mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ile ya 1980: vita vya Kagera, bei ya mafuta, mavuno mabaya. Serikali za mitaa zilikuwa zimefutwa mwaka 1972 chini ya sera ya Madaraka Mikoani, na za miji ziliporudishwa mwaka 1978 zilikuta hazina tupu na wapimaji wachache. Benki ya Nyumba ililemewa na mikopo isiyolipwa hadi ikafungwa mwaka 1995. Kuanzia hapo kwa miaka mingi mtu wa kipato cha kati hakuwa na pa kukopa fedha za kujengea.

Watu hawakuacha kuja. Mwaka 1988 mkoa ulikuwa na watu zaidi ya milioni 1.3. Mwaka 2002 walikaribia milioni 2.5, na mwaka 2012 walikuwa zaidi ya milioni 4.3. Kwa kukosa kiwanja cha serikali walikwenda kwa mwenye shamba: Mzaramo wa Mbagala, mwenye minazi wa Kigogo, mwenye mikorosho wa Kimara. Mauzo yaliandikwa kwenye karatasi ya daftari, majirani wakashuhudia, mjumbe wa nyumba kumi akatia sahihi. Mpaka ulikuwa mti au jiwe. Mnunuzi alichimba msingi, akasubiri mwaka, akapandisha ukuta hadi kwenye linta, akasubiri tena. Mwenye haraka ya kukimbia kodi alihamia pagale lisilo na milango na kuning'iniza khanga dirishani.

Ndivyo lilivyojengwa jiji kubwa kuliko yote nchini. Hadi leo wakazi wake wengi wanaishi katika makazi ambayo hayakupangwa, na katika makazi hayo wapo walimu, askari, mahakimu na wenye maduka. Kuyaita makazi ya wavamizi ni kuwakosea heshima watu walionunua ardhi yao kwa jasho na mashahidi.

Serikali ilirudi kazini mwaka 2002 kwa mradi wa viwanja 20,000. Mashamba yalitwaliwa kwa fidia Mbweni, Bunju, Kibada, Tuangoma, Buyuni na kwingineko, yakapimwa na kuuzwa, na fedha iliyopatikana ikarudisha gharama. Lengo la idadi lilivukwa. Ila viwanja vilikuwa vikubwa kuliko vya Sinza, malipo yalitakiwa kwa muda mfupi, na barabara na maji vilichelewa. Wanunuzi wengi walikuwa watu wenye nafasi, na vingi vilikaa miaka vikiota majani huku bei ikipanda. Wapo wakulima waliolipwa fidia na kwenda kununua pori la mbele zaidi, ambako hakukuwa na ramani. Mradi uliokusudiwa kuzuia ujenzi holela ukausogeza mbele kilometa kadhaa. Mwaka 2004 zilianza leseni za makazi kwa walio katika maeneo yasiyopimwa. Zilimpa mwenye nyumba karatasi ya kutambuliwa, ingawa ya muda mfupi.

Mpangaji alisahaulika. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984, iliyompa mahali pa kulalamikia, ilifutwa mwaka 2005. Ilikuwa na kasoro na wenye nyumba wengi hawakuifuata, lakini ilipoondoka mpangaji alibaki na mkataba wake tu, kama alikuwa nao. Kwa kawaida mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima mkononi, na dalali hudai ya mwezi mmoja kwa kuonyesha chumba. Muuza chipsi apatacho ni cha siku. Atazitoa wapi kodi za miezi saba kwa mpigo? Hukopa kwa riba mtaani, au hurudi kulala kwa ndugu.

Fedha za mikopo ya nyumba zilirudi baada ya sheria mpya za mwaka 2008 na kuanzishwa, mwaka 2010, kwa kampuni ya kuyapatia mabenki fedha za mikopo ya muda mrefu. Riba ilikuwa asilimia 15 na zaidi kwa miaka mingi, na benki hutaka hati na mshahara wa uhakika. Wakopaji nchini kote wamehesabiwa kwa maelfu machache, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 60.

Majaribio makubwa ya karne hii yanasimuliwa vizuri na Kigamboni. Mwaka 2008 ulitangazwa mji mpya wa kisasa, na wenyeji wakazuiwa kuendeleza ardhi yao wakingoja fidia. Miaka ikapita bila mji wala fidia, mpaka wakala uliopewa kazi hiyo ukavunjwa. Huko huko mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, uliingia ubia wa kujenga nyumba zaidi ya 7,000 za mradi wa Dege. Ujenzi ulisimama mwaka 2016, na safu za maghorofa matupu zikabaki zikitazama bahari. Michango ya wafanyakazi ilizikwa katika nyumba ambazo, kwa bei zilizotajwa, wafanyakazi wengi wasingeweza kuzinunua.

Umbali nao una bei yake. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 kuua watu zaidi ya 40 jijini, familia za bonde la Msimbazi zilipewa viwanja Mabwepande, kaskazini kabisa mwa jiji. Baadhi zilirudi bondeni, Jangwani, kwa kuwa nauli ya kwenda Kariakoo na kurudi ilikuwa inakula faida yote ya siku. Desemba 2015 nyumba za bondeni zilibomolewa kwa tingatinga. Kiwanja cha bure mbali na kazi kilikuwa ghali kuliko chumba cha kodi kwenye maji.

Yapo pia mafanikio yanayostahili kutajwa kwa fahari. Watu walipohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari, wenye nyumba walilipwa fidia na wapangaji wakaachwa mikono mitupu. Baadhi ya waliohamishwa walikuwa wameanza kuweka akiba kwa vikundi, wanawake wakiwa mbele. Wakaunda ushirika wa Muungano, wakanunua ekari 30 Chamazi, wakapima, wakachimba kisima, wakafyatua tofali wenyewe na kujenga nyumba zinazoanza na chumba kimoja na kuongezeka. Ni mpango uleule wa babu zao wa Kariakoo, safari hii wakiwa na ramani yao wenyewe.

Na Magomeni Kota ilipata mwisho ambao wengi walikuwa wameshaukatia tamaa. Kaya 644 zilitolewa katika kota za zamani mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa ahadi ya kujengewa, kisha kiwanja kikakaa kitupu. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliagiza majengo yaanze, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliyazindua: nyumba 656 katika maghorofa, palepale walipokuwa, karibu na soko, shule na kituo cha mabasi ya mwendokasi. Wazee walipewa funguo mtaa uleule waliolelea watoto. Jambo hilo linawezekana, basi. Lilichukua miaka kumi kwa kaya 644, nalo haliwezi kuwa njia pekee ya jiji lililohesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022.

Njia inayowezekana kwa wengi imeshajaribiwa hapahapa na inafahamika. Chanika, Msongola na Mvuti bado yapo mashamba ya mikorosho na mihogo ambayo hayajakatwakatwa. Halmashauri za Dar es Salaam ziyapime sasa, fidia ikiwa bado inalipika, zikate viwanja vidogo kama vya Sinza, zitangulize barabara, maji na njia ya mabasi, na zikubali malipo ya kidogo kidogo. Nalo Bunge liwape wapangaji sheria inayoweka ukomo wa kodi ya kulipwa mbele, pamoja na baraza la kusikiliza mashauri yao katika kila kata.